Semina ya kuwajali wanafunzi ilivyonirudisha kwa Bhoke, niliyemfungia mpaka dirisha

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi.

Mimi ni msomaji wa kimya humu ndani. Miaka sasa nasoma nyuzi za wenzangu, nacheka, naumia, napita. Leo naandika mwenyewe. Sitajipamba, na atakayefika mwisho ataona kwamba kama ningekuwa natafuta kujipamba, hii siyo stori ambayo ningeichagua.

Chuo sikitaji. Majina nimebadilisha. Mengine yote yalikuwa hivyo hivyo.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mkurya, mzaliwa wa Mbalibali, wilaya ya Serengeti. Kwetu ni mahindi, ng'ombe na kelele. Form one nikapelekwa boarding mkoa wa mbali, na huko ndiko nilikojua kwamba naongea vibaya.

Mnaotujua mnaelewa. L na R kwetu ni kitu kimoja. Siku ya kwanza bwenini nilisema nataka kulala, lakini nilivyotamka mimi chumba kizima kikacheka. Mpaka mwaka unaisha nilikuwa sina jina, nilikuwa naitwa hilo neno.

Nikajifunza. Nilikuwa naenda peke yangu nyuma ya jiko la shule nasema lala, lima, lulu, lulu, lulu. Kama mwendawazimu. Kufika form three ulimi ulikuwa umenyooka, hakuna aliyeweza kujua natoka wapi. Niliona fahari sana.

Nawaambia hili mapema kwa sababu mtauliza, "mtu wa huko huko alifanyaje vile?" Nami nadhani nilifanya vile kwa sababu ni mtu wa huko huko.

Basi. Nikasoma, nikapata masters, nikaajiriwa mhadhiri msaidizi kwenye tawi la chuo kikuu kimoja lililokuwa wilaya ya Tarime. Nikapewa Communication Skills, somo la lazima kwa mwaka wa kwanza wote. Kuandika barua, kuandika insha, kusimama mbele za watu na kufanya presentation. Yote kwa Kiingereza.

Mwaka huo ndio dhahabu ilikuwa imechachamaa upande wa Nyamongo. Kulitokea rashi mpya, yaani mtu mmoja kaokota jiwe zuri, habari ikasambaa, ndani ya wiki watu wakahamia na maturubai. Vijana waliacha shule, walimu wa msingi walikuwa wanaomba ruhusa za ugonjwa na kwenda kuchimba. Darasani kwangu pia viti vilianza kuwa wazi.

Bhoke hakuacha. Hilo liwekeni akilini.

Alikuwa mtu mzima kuliko wenzake, karibu miaka thelathini, mama wa watoto wawili. Ameolewa Nyakunguru, kijiji kilicho jirani na mgodi mkubwa. Mume yupo upande wa Kenya, Migori huko, anakuja akija. Alirudia form six akiwa na mtoto mgongoni, akafaulu, akapata chuo.

Siku za wiki alikuwa amepanga chumba Tarime. Ijumaa anarudi kijijini, Jumamosi na Jumapili yuko mwaloni, kule wanakosafishia unga wa mawe kwa maji ili dhahabu ibaki. Jumatatu alfajiri anapanda bodaboda kuja darasani.

Na somo langu lilikuwa Jumatatu saa mbili asubuhi.

Nilikuwa na sheria yangu. Saa mbili na dakika tano nafunga mlango kwa ndani. Anayechelewa asigonge. Nilikuwa najisifia staff room, "vijana wangu wananyooka."

Barabara ile ikinyesha mnaijua. Bhoke alichelewa Jumatatu nyingi. Hakugonga hata siku moja. Alikuwa anakaa barazani chini ya dirisha, daftari juu ya goti, anaandika ninachosema. Viatu vina matope, kitenge kina vumbi lile la mawe, jeupe kama unga wa muhogo.

Wanafunzi wakawa wanamchungulia na kucheka.

Jumatatu moja, katikati ya kipindi, nilinyanyuka nikafunga na dirisha.

Sikuwa na hasira wala sikuwa nimegombana na mtu. Nilifunga, nikaendelea na slide iliyofuata. Mada ya siku hiyo ilikuwa "effective listening". Wakuu, sitanii.

Tuje kwenye presentation.

Kila mmoja alitakiwa kusimama dakika saba, azungumzie kitu anachokijua. Wengi walileta vitu vya kudownload, climate change, social media, mambo ya kupaka rangi juu juu tu. Bhoke alikuja na jiwe. Akalishika mkononi akaanza kueleza jinsi linavyotoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, linavyopondwa, linavyosagwa, linavyosafishwa, na kwa nini wanawake wa kule mikono inawatetemeka kwa sababu ya kushika zebaki bila glavu.

Darasa lilinyamaza. Kweli lilinyamaza. Miaka yote niliyofundisha somo lile sijapata kuona watoto wa mwaka wa kwanza wametulia vile.

Mimi nilikuwa nasikiliza kitu kimoja tu. Ulimi.

Kila akitamka nasikia bweni linacheka. Nikajikuta nimemkatisha. Nikasema, "Sorry madam. Is it gold, or gord?"

Darasa lilipasuka. Kuna waliopiga meza.

Bhoke alisimama kidogo na lile jiwe lake. Kisha akasema "thank you", akaenda kukaa. Dakika tatu zilikuwa zimepita kati ya saba. Nikamwekea alama za dakika tatu.

Kuanzia hapa maneno yake nayaandika kwa tahajia ya kawaida. Nilishamwigiza mara moja, inatosha.

Wiki ya test hakuonekana. Wiki iliyofuata akaja ofisini na barua ya mtendaji wa kijiji na fomu ya kuomba special test. Duara lilikuwa limeporomoka, kaka yake akafia ndani. Walimtoa, wakamzika, yeye alikuwa ndiye wa kupikia msiba.

Fomu ilikuwa ya Kiingereza, imeandikwa "immediate family". Nikamuuliza, "Huyu kaka ni wa tumbo moja?"

Wakuu, mtu mwingine angedanganya. Nani angekwenda Nyakunguru kuhakiki?

Akasema, "Ni mtoto wa mama mdogo, mwalimu. Tumekua nyumba moja."

Sasa mniambie, Mkurya gani hajui kwamba mtoto wa mama mdogo ni ndugu yako kabisa? Kwetu huyo ndiye kaka. Hata Kiswahili chenyewe kinamwita kaka. Mimi nimezika ndugu wa namna hiyo na nililia kama mtoto.

Alipoona nimeshika kalamu akabadilisha lugha, akanisemesha Kikurya. Taratibu, kwa heshima, kama unavyomsemesha mtu wa kwenu. Alikuwa ananikumbusha kwamba mimi naelewa.

Nikamwambia, "Sorry, tumia lugha ya chuo."

Nikaandika kwenye fomu, "Not immediate family. Rejected." Nikasaini.

Pale chuoni kwetu, ukikosa coursework ya somo la lazima mwaka wa kwanza, unadisco, yaani unaondolewa chuo. Hakuna supp, mtihani wa kurudia. Bhoke akadisco. Masomo mengine yote alikuwa amefaulu, niliangalia baadaye. Somo langu peke yake ndilo lililomwondoa.

Mimi nikaendelea na maisha. Sikumuota wala sikukosa usingizi. Nawaambia ukweli, nilimsahau.

Mwaka uliofuata zikaja habari za semina. Kulikuwa na mradi wa wafadhili, wahadhiri wote wa tawi tufundishwe namna ya kuwasaidia na kuwashirikisha wanafunzi wa mazingira tofauti. Siku tatu, hotelini Mugumu, chakula na malazi juu yao. Mlio vyuoni mnajua semina za hoteli zinavyopendwa. Hakuna aliyekosa.

Tulitoka Tarime na kosta mbili, tukapita Nyamongo, tukavuka Mto Mara, mpaka Mugumu. Njiani tulipita mlemle machimboni. Mwenzangu mmoja akawa anapiga picha watu walioloa matope, anasema, "Hawa ndio wanafunzi wetu wa kesho." Tukacheka.

Mwezeshaji alikuwa mama mmoja kutoka Dar, nitamwita Dk. Salma. Sitaki kumsema vibaya, alikuwa anaijua kazi yake. Asubuhi ya kwanza alizima projector akatupa kila mmoja kipande cha karatasi. Akasema, "Andika jina la mwanafunzi mmoja uliyempoteza. Siyo aliyekufa. Aliyekuwa mikononi mwako, akaondoka."

Watu waliguna. Wengine wakaandika majina ya kubuni, niliona.

Mkono wangu uliandika Bhoke. Sijui hata lilitoka wapi.

Akapita meza kwa meza tueleze. Mimi nilieleza hivi, "mwanafunzi mwanamke, mtu mzima, kutoka jamii ya wachimbaji, aliyeshindwa kumudu ratiba." Aliyeshindwa kumudu ratiba! Sikusema mlango, sikusema dirisha, sikusema fomu. Dk. Salma akanishukuru kwa uwazi wangu.

Jioni Mkuu wa tawi akaniita pembeni. Mkuu ni mtu wa tabasamu, hajawahi kumkatalia mtu jambo lolote na hajawahi kulifanya. Akaniambia ratiba ya siku ya tatu ina kipengele cha sauti ya mwanafunzi, na waliyemwandaa kaghairi. "Wewe ni mwenyeji. Huyo mama wa machimboni uliyemsema, mlete. Dakika kumi tu."

Nikamuuliza, "Nikimleta atarudishwa chuo?"

Akatabasamu. "Tutaangalia."

Siku ya pili mchana wenzangu walipelekwa bwawa la Manchira kutembea na kupiga picha ya pamoja. Mimi nikachukua bodaboda kwenda Nyakunguru.

Sikupotea. Kila niliyemuuliza alimjua, "Bhoke wa chuo." Walikuwa bado wanamwita hivyo.

Nilimkuta mwaloni, ameinama kwenye ubao wa kusafishia, miguu ndani ya maji ya tope. Mama mkwe wake alikuwa pembeni anaponda mawe kwa nyundo, mtoto mdogo amelala kwenye kiroba. Nikaamkia, "Shikamoo mama." Yule mama aliniangalia viatu kwanza ndipo akaitikia.

Nikaanza kuongea Kikurya. Kilinitoka vizuri tu, hakijaenda popote. Nikawasalimia, nikauliza watoto, nikauliza nyumbani.

Bhoke akainuka, akajifuta mikono kwenye kitenge. Akanijibu kwa Kiswahili, "Karibu mwalimu. Sema ulichokuja nacho."

Nikahamia Kiswahili. Nikamweleza semina, nikamweleza dakika kumi.

Akauliza swali moja tu. "Nikija kuongea, narudi chuoni?"

Hapa ndipo mahali ninapoparudia kila siku. Nilikuwa na neno moja la Mkuu mfukoni, "tutaangalia". Neno lenyewe halina uzito wowote. Na nilikuwa na nafasi ya kumpa hilo hilo, kama nilivyopewa, achague mwenyewe.

Nikasema, "Ndiyo. Utarudi."

Mama mkwe akaweka nyundo chini. "Mwalimu, huyu kabla hajalala husoma vile vitabu vyenu. Mwaka mzima. Namwambia achana navyo, anasema wataniita. Sasa umekuja kumwita, au umekuja kumchukua kwa shughuli zenu halafu mumrudishe?"

Nikamwambia, "Nimekuja kumwita, mama."

"Basi sawa," akasema. "Mimi nitabaki na watoto."

Siku ya tatu Bhoke alifika Mugumu kabla ya chai ya saa nne. Alikuwa amevaa kitenge kipya, amesuka, na mkononi ana bahasha ya kaki yenye vyeti vyake vyote. Alivileta vyote akijua anakuja kusajiliwa.

Akasimama mbele. Dk. Salma akamwambia, "Tumia lugha yoyote unayojisikia huru nayo."

Akatumia Kiswahili. Hakulia, hakupandisha sauti. Alieleza ubovu wa barabara, alieleza Jumatatu, alieleza mlango.

Akasema, "Mlango sikuulalamikia. Kila mwalimu ana utaratibu wake, nami nilikuwa nimechelewa. Pale dirishani nilikuwa nasikia vizuri na nilikuwa naandika. Siku alipofunga dirisha ndipo nilipoelewa kwamba tatizo siyo muda."

Naangalia meza.

Akaeleza presentation. Alipofika kwenye kicheko alisema tu, "nilichekwa kidogo." Akaeleza msiba na fomu. Wakati wote alisema "mwalimu mmoja". Hakuniangalia hata mara moja.

Dk. Salma akamuuliza taratibu, "Huyo mwalimu unaweza kumtaja?"

"Yupo humu ndani," Bhoke akasema. "Lakini sikuja kumshtaki mtu. Nimekuja kuomba nafasi yangu."

Wakuu, watu wote walianza kuangaliana. Mimi pia niliangalia huku na kule, kama mtu anayemtafuta huyo mwalimu. Hilo nalo nilifanya.

Kukaja maswali. Mhadhiri mmoja mwandamizi, mzee wa kanuni, akasimama na kalamu yake. "Binti, pamoja na yote, wewe mwenyewe ulichukua hatua gani kuboresha Kiingereza chako? Maana chuo hakiwezi kushuka chini kumfuata kila mtu."

Bhoke akafikiri. "Nilipoanza mwaloni sikujua kutofautisha jiwe lenye kitu na jiwe tupu. Baada ya miezi miwili nilijua. Aliyenifundisha ni mama mkwe, hajasoma hata darasa moja. Nilikuwa nakosea mbele yake bila kuogopa. Kiingereza ningekijua hivyo hivyo, mzee. Nilikuwa nimeanza kukijua."

Watu walipiga makofi sana. Wengine walisimama. Mimi nilisimama pia na kupiga makofi.

Nafasi ilikuwa pale. Ningeweza kusema, "Ni mimi." Maneno mawili. Nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka alipo. Lakini mwaka huo nilikuwa nasubiri barua ya kwenda PhD, jina langu limeshapita ngazi mbili, na Mkuu amekaa mstari wa mbele. Nikapiga makofi mpaka viganja vikauma.

Baada ya hapo picha. Wakampa fulana ya mradi na cheti cha kushiriki. Wakampiga picha peke yake ameshika cheti, wakamwambia atabasamu, akatabasamu.

Kisha akamfuata Mkuu na bahasha yake. "Mheshimiwa, naanza lini?"

Mkuu akamshika bega. "Andika barua, mama. Barua tutaipokea."

Bhoke akageuka akaniangalia. Kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nikamwambia, "Ni utaratibu tu, andika."

Akaandika. Kamati ya taaluma ikajibu kwamba suala lake linaweza kufikiriwa endapo mwalimu wa somo atathibitisha kwa maandishi kuwa fomu ya special test ilikataliwa kimakosa.

Yaani ilikuwa mikononi mwangu tena. Mara ya pili, wakuu! Ni watu wangapi maishani wanapewa mara ya pili?

Niliketi na hiyo barua wiki tatu. Nikaandika kwamba mwanafunzi "alikumbwa na changamoto za kifamilia" na kwamba mimi "sina pingamizi" na ombi lake. Kosa sikulitaja. Kamati ikasoma, ikasema haijaonyeshwa kosa lolote la upande wa chuo, ikakataa. Kisheria walikuwa sahihi kabisa.

Barua ya PhD ikatoka. Ratiba yake ilikuwa nianze mwaka unaofuata.

Naona mtu ataniuliza, "na semina ilisaidia nini chuoni?" Ilisaidia, mkuu. Tulianzisha dawati la kushughulikia wanafunzi wa mazingira tofauti. Likahitaji mratibu. Mkuu akasema anayefaa ni yule aliyeonyesha moyo kule Mugumu, akajitolea mpaka kwenda machimboni. Nikateuliwa mimi.

Na kwenye korido ya utawala ikabandikwa picha kubwa ya Bhoke na kile cheti. Chini yake maandishi, "Hakuna anayeachwa nyuma." Ofisi yangu mpya ilikuwa mlango wa pili kutoka pale. Nilikuwa napita mbele yake nikiingia na nikitoka.

Ilikaa hivyo karibu mwaka mzima.

Kilichonivunja ni binti mmoja wa mwaka wa kwanza. Alikuja dawatini na shida zake za kawaida, tukamaliza. Akiwa anatoka akasimama kwenye ile picha, akarudi. "Mwalimu, samahani. Huyu dada yuko mwaka wa ngapi? Nasikia ni wa Nyakunguru. Na mimi natokea huko huko, wazazi wako machimboni. Nataka nimuulize aliwezaje."

Nikamwambia, "Alishamaliza."

Lilitoka lenyewe. Yule binti akafurahi usoni. Akasema, "Kumbe inawezekana," akaondoka.

Nikafunga ofisi. Nikakaa sakafuni, sijui kwa nini sakafuni, viti vilikuwepo. Wiki hiyo hiyo nikaandika barua ya kweli. Ukurasa mmoja. Kwamba fomu niliikataa nikijua uhusiano wa marehemu na mwanafunzi. Kwamba nilimfungia mlango na dirisha. Kwamba nilimkejeli mbele ya darasa na kumpunguzia alama. Kwamba kule Mugumu mwalimu aliyesemwa ni mimi. Nikasaini, nikapeleka nakala kila ofisi inayohusika.

Majibu yalikuja haraka kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika pale. Mimi nikapewa onyo kali na nikaondolewa dawatini, ruhusa ya masomo ikasimamishwa. Hayo nilistahili, simlilii mtu. Kuhusu Bhoke waliandika mistari miwili, kwamba muda wa kurejeshwa kwa mujibu wa kanuni umepita na faili limefungwa.

Nikaomba angalau picha iondolewe. Mkuu akasema wafadhili wanakuja mwezi ujao. Nikaibandua mwenyewe mchana kweupe, watu wanaangalia. Baada ya wiki wakachapisha nyingine.

Nikaenda Nyakunguru kumwambia. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Mama mkwe aliponiona hakuniitikia, alibeba mtoto akaingia ndani.

Bhoke alinipa kigoda. Nikamwambia kamati imekataa, nikamwambia muda umepita, nikamwambia kwamba siku ile niliposema utarudi sikuwa na uhakika wowote. Nikampa nakala ya barua yangu.

Aliisoma yote. Ilikuwa ya Kiingereza, ile ya kiofisi yenye maneno magumu. Hakuniuliza maana ya neno hata moja. Alipomaliza aliikunja vizuri akanirudishia.

"Barua ni nzuri, mwalimu," akasema. "Ungeiandika siku ile niliyokuletea fomu, leo ningekuwa mwaka wa tatu."

Nikaanza kusema samahani. Akaniinulia mkono, siyo kwa hasira.

"Nimekusikia. Sasa nina mawe ya watu yananisubiri."

Akarudi kazini. Nilikaa pale kwenye kigoda kwa muda, halafu nikaona nawasumbua watu, nikaondoka.

Wakuu, funzo nililopata siyo la kwenye slides. Kila kitu alichosema Dk. Salma nilikuwa nakijua tangu nikiwa na miaka kumi na nne, nyuma ya jiko la shule. Sikuhitaji hoteli kunifundisha mtu akichekwa ulimi anajisikiaje, wala mtoto wa mama mdogo ni nani kwako. Nilikuwa najua, nikafanya.

Kwa hiyo wenzangu walimu, nendeni semina, siwakatazi, kuleni vizuri. Lakini kabla hamjaenda fungueni zile droo zenu. Kuna fomu umekataa na unajua ulikuwa na uwezo wa kukubali. Kama muda wake haujapita, ifanyie kazi leo hii, kwa jina lako na kosa lako, siyo "changamoto za kifamilia".

Mimi bado nafundisha palepale. Mlango sifungi. Sijipongezi kwa hilo, nimelitaja kwa sababu najua mtauliza.

Nimemaliza. Kama wewe ni mwalimu na una Bhoke wako, mwandike hapa chini bila jina. Na kama wewe ndiye uliyefungiwa, andika pia, hata kama ni kunitukana. Nitasoma zote, sitajibizana na mtu.